Ardis na King'ora cha Saa Sita

Ardis Haugdahl alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kucheka. Wala si kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Chake kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, kikapanda tena na kutokea puani, na kufikia hapo machozi yalikuwa yameshamtoka na hakuna aliyekumbuka kilichochekesha ni kitu gani. Siku ya harusi yake alicheka hadi mchungaji akaanza viapo upya. Alicheka kwenye mazishi ya shangazi yake, ndugu wakamnunia, kisha nao wakashindwa kujizuia.

Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kazi ya kukaa kimya ameshika maikrofoni, umemtakia balaa. Lakini hakukabidhiwa na mtu. Aliitaka mwenyewe, tena akiwa bibi mwenye wajukuu.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kupika shuleni, hapo hapo Vesterlund, Minnesota. Asubuhi zote za ujana wake zilikwenda kwenye kumenya viazi, na juu ya kabati la jiko lile palikuwa na redio. Redio ndiyo iliyomharibu. Ilikuwa ikitoa makala za watu wa kawaida: kinyozi wa Alabama na wazee waliokuja kwake kupiga soga hata kama hawana nywele, fundi wa viatu vya farasi kule Nevada, mama mmoja wa Brooklyn aliyegombana na njiwa wa dirishani kwake na kuwaita kwa majina. Hamna rais, hamna mcheza sinema. Watu tu, na milango yao, na sufuria zao, na mbwa wao. Ardis alikuwa akisimamisha kisu hewani ili asikie hatua za mtu asiyemjua akipanda ngazi katika mji asioujua.

"Nyamazeni, nyamazeni!" aliwaambia wenzake siku moja. "Mnamsikia? Anafagia! Wametuwekea ufagio redioni!"

"Ardis, mwenzangu," mmoja wao akajibu bila kuinua macho, "ufagio hata sisi tunao."

Neno hilo lilimkaa. Kweli bwana, hata wao walikuwa nao. Alipostaafu tu alijinunulia kinasa sauti, hedifoni kubwa za kufunika masikio, na maikrofoni yenye manyoya ya kuzuia upepo ambayo paka wa jirani aliichukia tangu siku ya kwanza.

Mumewe Delmar, aliyeendesha lori la maziwa mpaka goti likamgomea, alidhani hicho ni kichezeo cha majira ya baridi, theluji ikiyeyuka kitatupwa kabatini. Thubutu! Barafu ya ziwa ilipoanza kupasuka, Ardis alikuwa amelala kifudifudi ukingoni anaisikiliza ikiguna. Alinasa mlango wa wavu wa nyuma ya nyumba. Alinasa bamba la kukaangia la LaVonne, mama mwenye mkahawa, mayai yakipasukia juu yake. Alinasa mkoromo wa Delmar, akamsikilizisha mwenyewe asubuhi mezani.

"Huyo si mimi," Delmar akasema. "Hiyo ni trekta."

"Kumbe nimeolewa na trekta," Ardis akasema, na chai ikamtokea puani.

Vipande vyake alivipeleka kwa Renata Obermark, mtayarishaji wa makala katika redio moja kubwa kule mjini Minneapolis. Renata alikuwa mkweli kama mizani. Kila mara alimpigia simu, kila mara alisifu kitu kimoja, na kila mara alimalizia kwa "bado kidogo, Ardis." Mara sauti imepasuka, mara hadithi haina mwisho, na karibu kila mara mtu anacheka nyuma ya maikrofoni.

"Nani huyo anayecheka?"

"Sijui," Ardis alikuwa akijibu. "Watu wa huku wanapenda kucheka."

Nyie mnaowajua watu wa Vesterlund mnajua huo ni uongo mtupu. Watu wa huko ni Walutheri wa mababu wa Norwei. Ukiwaambia nyumba yako imeungua watasema "loo, ingeweza kuwa mbaya zaidi," kisha watakuletea chakula cha kutosha wiki nzima.

Basi, mwaka huo ikaja habari ya king'ora.

Juu ya mnara wa kituo cha zimamoto kulikuwa na king'ora cha chuma, kikubwa kama pipa la lami, ambacho kililia kila siku saa sita mchana kuwaambia watu wakale. Zamani kilijiendesha chenyewe kwa saa. Saa ilipokufa hakuna aliyeitengeneza, kwa sababu Orrin Beske, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na kituo, alisema si taabu, atakuwa akivuka tu na kubonyeza kitufe. Akabonyeza miaka thelathini. Akiwa na mteja anayechagua bawaba za mlango, saa sita ya Vesterlund ilisubiri bawaba. Orrin alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kuna waliokuwa wakisema kitufe kile ndiyo maongezi yake.

Sasa watu wa nyumba mpya za ziwani walikuwa wamelalamika. Walihama mjini kutafuta utulivu wa shamba, wakakuta shamba lina sauti. Baraza la mji likakaa, likaona kwamba tahadhari za moto na tufani siku hizi zinaingia kwenye simu, likaamua king'ora kishushwe. Mafundi wa umeme wangekuja Ijumaa, wasubiri kilie mara ya mwisho, kisha wakikate waya na kukiteremsha.

Ardis aliposikia alishika simu kabla hajavua koti.

"Hiyo ndiyo makala," Renata akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hiyo ndiyo, Ardis! Nakuwekea nafasi Jumapili. Lakini nisikilize vizuri. Nakitaka king'ora chenyewe, kizima, kuanzia kinapoamka mpaka kinapolala, na asizungumze mtu juu yake hata neno. Bila king'ora hakuna makala. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, mama," Ardis akajibu, ingawa Renata angeweza kuwa binti yake. Akakata simu, akamkumbatia Delmar, akaikumbatia na friji.

Ungedhani kunasa king'ora ni kazi rahisi. Kinalia kila siku, mahali pale pale, tena kwa sauti ya kuamsha wafu. Lakini Ardis alisahau aliishi na watu gani.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya posta. King'ora kilipoanza tu kuguna, akatokea bibi mmoja wa kwaya. "Ardis! Unanasa sauti? Loo, samahani sana, nisikusumbue. Ninaondoka. Samahani. Endelea tu. Jamani, nimekuharibia? Samahani kweli." Na king'ora kikalia chote kikiwa chini ya samahani za yule bibi. Siku ya pili alihamia nyuma ya benki, na mwanamume aliyekuwa anapita akanyata kwa vidole ili asimsumbue, akajikwaa kwenye pipa la taka, akaliomba pipa radhi. Siku ya tatu alijificha ndani ya gari lake, vioo vimeshushwa, na mtu akaja kumuuliza kama gari limeharibika na kama anataka kusukumwa. Adabu ya watu wale ilikuwa kubwa kuliko king'ora.

Katikati ya hayo palikuwa na jambo lingine, na hili ndilo lililoleta kizaazaa.

Renata alikuwa amemfundisha Ardis kwamba kila chumba kina ukimya wake. Watu wa redio, wakimaliza kuhoji mtu, huomba kila aliyepo anyamaze dakika nzima, nao hunasa huo ukimya, ili baadaye wapate cha kuziba mahali walipokata maneno. Ardis alikwenda chini ya kanisa, kwenye ukumbi wa kahawa, akawahoji watu kuhusu king'ora. Waliposema yao, akasimama juu ya kiti.

"Jamani, sasa naomba mnyamaze wote. Nataka kunasa ukimya."

Wakatazamana.

"Kunasa nini?" Delmar akauliza.

"Ukimya. Redioni wanautaka."

"Huko Minneapolis hawana?"

"Hawana wa kwetu. Haya, nyamazeni!"

Wakanyamaza. Walutheri wakiambiwa wanyamaze wananyamaza kikwelikweli. Mtambo wa kahawa ukatokota peke yake. Kisha tumbo la mchungaji likanguruma, refu, lenye vituo na mabadiliko, mfano wa mtu anayehamisha fanicha. Ardis akauma mdomo. Mabega yakaanza. Akajaribu kuwaza kodi, akajaribu kuwaza meno ya kung'olewa, haikusaidia. Akapasuka, na ukumbi mzima ukapasuka naye, na mchungaji akacheka kuliko wote. Waliurudia ukimya ule mpaka kahawa ikapoa. Tangu siku hiyo kila mtu Vesterlund alijua kwamba Ardis anakusanya ukimya na kuupeleka mjini, na walijivunia kuwa na ukimya unaotakiwa redioni. Orrin Beske alikuwepo, pembeni, na kikombe chake. Alisikia yote.

Alhamisi, roho ikiwa juu, Ardis alipita mkahawani akamwambia LaVonne mbele ya wateja wote: "Kesho saa sita ni mara ya mwisho. Nawaomba, nawapigia magoti, kesho saa sita asiongee mtu. Asikohoe mtu. Mwambie kila unayemjua, kesho saa sita kila kitu kimya."

LaVonne alimwambia kila aliyemjua, na LaVonne hakuwa na asiyemjua. Habari ilipita dukani, ikapita posta, ikapita mashambani kwa wakulima, na ilivyozidi kupita ndivyo ilivyozidi kunyooka. Kufikia jioni neno king'ora lilikuwa limekwishaanguka njiani, kwa kuwa nani asiyejua habari ya king'ora? Lililobaki ni kwamba Ardis anataka ukimya, kesho saa sita, mji mzima, kila kitu.

Ijumaa ikafika na jua lake la Juni. Ardis alisimama katikati ya barabara kuu, hedifoni masikioni, maikrofoni ameinyoosha kuelekea mnarani. Juu kabisa, ndani ya ndoo ya lori la umeme, fundi alikuwa tayari na koleo lake. Pande zote mbili za barabara watu walijipanga kama wanaosubiri gwaride. LaVonne alizima feni zake na friji zake. Mkulima mmoja alikuwa amemkumbatia mbwa wake na kumshika mdomo. Gari la wageni lilipojitokeza kwenye kona, watu wote waliweka kidole midomoni kwa pamoja, na dereva, maskini, akazima injini akainua mikono juu.

Ikafika saa sita.

Ardis alifumba macho. Masikioni mwake mji ulikuwa mtulivu ajabu. Alisikia nzi, alisikia bendera ya posta ikijigonga kwenye mlingoti wake. Akasubiri. Ukimya ukaendelea. Akafumbua jicho moja. Orrin alikuwa amesimama kwenye mlango wa kituo cha zimamoto, kofia ameivua na kuishikilia kifuani kwa heshima.

Ardis akampungia mkono. Orrin akaitikia kwa kichwa kumwonyesha ameelewa, akaweka kidole mdomoni.

Ardis akamwonyesha kwa kidole juu, kwenye king'ora. Orrin akatazama juu. Kulikuwa na kunguru ametua pale. Akamrudishia Ardis uso wa huruma, akainua mabega: kunguru atamfanya nini?

Je, apige kelele? Na kama Orrin yumo mbioni kubonyeza, na sauti ya Ardis ndiyo itakayoharibu mwanzo wa king'ora, kule kuamka alikokutaka Renata? Ardis alibana midomo. Aliruka juu. Alichora hewani kidole kinachobonyeza kitufe. Orrin, jasho jembamba likimtoka, alidhani anaambiwa azime kitu, akaingia ndani akazima taa.

Na fundi wa juu, aliyeitazama saa yake akaona muda umepita, akasema moyoni kwamba hawa watu wameghairi. Akakata waya. Kwenye hedifoni za Ardis mkato ule ulisikika vizuri sana, "tap."

"Orrin!" Ardis akapaza sauti. "Orrin Beske! Mbona hukubonyeza?"

Barabara nzima ikamgeukia Orrin, aliyetoka gizani amepauka.

"Nibonyeze?" akasema. "Si ulisema kila kitu kimya?"

"Kila kitu isipokuwa king'ora!"

"Nilidhani unautaka ule ukimya wako."

"Nilikuwa nakinasa king'ora, bwana! Hicho hicho! Niliwanyamazisha watu ili nikisikie chenyewe!"

Orrin alimtazama fundi. Fundi alitikisa koleo kwa masikitiko. Umeme wa mnarani ulikwishakatwa, minyororo imekwishafungwa, na king'ora kikaanza kuteremka taratibu, kimelala ubavu, hakina la kusema. Ardis aliketi kwenye ukingo wa barabara. Jumapili yake iliondoka akiiona. Miaka ya "bado kidogo," na sasa kidogo chenyewe kimepandishwa kwenye lori. Hakucheka. Delmar alikaa kando yake, goti likilalamika, akamshika mkono, na watu wa Vesterlund wakasimama wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyesema ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Ndipo Orrin aliposogea. Alikuja akasimama mbele ya Ardis, kofia ameikunja hata haitambuliki.

"Kilikuwa kinaanza hivi," akasema.

Akaweka mikono kuzunguka mdomo na kuanza kuguna. Mguno ulitoka chini sana, kama ng'ombe aliye bondeni, ukapanda, ukapanda tena, shingo ikamwiva, na mtu yule ambaye watu hawakuwahi kumsikia akimaliza sentensi ndefu alisimama katikati ya barabara kuu akilia "uuuuUUUU" mpaka dirisha la benki likatetemeka.

"Hapana," akasema bibi wa kwaya. "Samahani, Orrin, lakini kilikuwa juu zaidi." Akaonyesha.

"Mama, hicho ni cha treni!" mkulima akapinga, akamwachia mbwa. "Chetu kilikuwa kinayumba mwishoni. Sikieni." Akayumba.

"Kuyumba kitu gani? Hakikuyumba hata siku moja!"

"Nyinyi mnaishi upande wa upepo, mtajua nini?"

"Mchungaji, toa ya chini, wewe una tumbo!"

Mchungaji akatoa ya chini. LaVonne akatoa ya kati. Yule dereva mgeni akashusha kioo akauliza kama anaruhusiwa, akatoa yake, wakamwambia hajui kitu lakini ajaribu tena. Watu waliozoea kuomba radhi kwa mapipa ya taka walikuwa wameinua videvu angani wanalia kwa nguvu zao zote, na mbwa aliyeachiwa akaingia kwenye sauti ya juu akawashinda. Delmar akalia kama trekta. Hapo mabega ya Ardis yakaanza. Yalianza akiwa bado ana machozi ya uchungu, na machozi hayo hayo yakaendelea bila kubadilishwa. Alicheka hadi akalala chali kwenye nyasi za posta. Maikrofoni ilikuwa tumboni mwake, inapanda na kushuka, na taa yake nyekundu inawaka.

Usiku hakutaka hata kuisikiliza. Alimpelekea Renata yote kama ilivyo, akamwandikia kwamba anaomba msamaha, wamekipoteza king'ora kwa adabu.

Jumamosi Renata akapiga.

"Ardis. Nilikuambia bila king'ora hakuna makala."

"Uliniambia."

"Na humu hamna king'ora."

"Hamna, mama."

"Nimesikiliza nikiwa kwenye korido, nimesimama. Bosi wangu ametoka kuuliza nani anakufa." Renata akavuta pumzi. "Anayecheka ni nani?"

Ardis akameza mate. Ukweli ni ukweli. "Ni mimi. Siku zote ni mimi. Nitakikata hicho kicheko."

"Ukikata hata sekunde moja nakuja huko na gari," Renata akasema, naye akapasuka.

Jumapili makala ikasikika jimbo zima, ule ukimya mrefu, kisha "tap," kisha Orrin, kisha wote. Mkahawani kwa LaVonne hapakuwa na pa kukanyaga. Kila mtu alijitambua na kila mtu akadai yake ndiyo iliyofanana. Simu ya baraza la mji nayo ililia: watu wa ziwani walitaka kujua kama kelele zile zina kibali.

Jumatatu Ardis alikuwa nyumbani, mikono kwenye maji ya vyombo, dirisha wazi. Ikafika saa sita. Ikapita. Haikusikika sauti, na kwa mara ya kwanza ukimya ulimuuma. Alisimama na sahani mkononi, hajui kama ni wakati wa kula au si wakati.

Kisha, kutoka mtaa wa pili, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, ng'ombe wa bondeni akaguna. Akapanda. Akapanda tena, vibaya, kwa aibu, peke yake.

Ardis alikimbilia kinasa sauti, mikono inachuruzika povu. Alikishika, akasikia Orrin anaishiwa pumzi kule barabarani, hakuna aliyemwitikia. Akakirudisha mezani. Akausukuma mlango wa wavu, akatoka hadi ngazi ya mwisho, akainua kidevu, akaanza kulia kama king'ora.